Kaka, nitumie jiwe la nyumbani

München, 16 Novemba 2025

Kaka Romanus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wajukuu wote. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Baridi imeshaingia, miti imebaki vijiti vitupu. Je, mvua za kwanza zimenyesha? Hela ya mbolea nimemtumia Gaudensia kwenye simu yake siku ya Ijumaa, ya mifuko minne, na wa kwako umo. Usione vibaya nikiipitishia kwake. Sababu unaijua tangu zile bati za 2019, na leo sikukaa chini kuandika habari za bati.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningelia, na wewe mtu akilia unakata. Xaveria amenieleza yaliyosemwa kwenye kikao cha Septemba kuhusu mpango wangu wa kwenda kuhiji Hispania kwa miguu. Mengine nimeyapokea. Kwamba nimezeeka, kwamba nimeiga mambo ya Wazungu, hayo yapite. Lakini ulisema mbele ya watoto: "Kama ana miguu ya kwenda kilometa mia nane, angekuja kumzika mama." Kaka, neno hilo linaniamsha saa tisa za usiku. Na kinachoniumiza zaidi si kwamba wewe ulilisema. Ni kwamba kikao kizima hakuna aliyekujibu.

Mwaka 2021 mnajua ulivyokuwa. Sitarudia habari za ndege na makaratasi. Nilikuwa zamu ya usiku Xaveria alipopiga. Nilimaliza zamu, nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kiti na koti langu mwilini mpaka jua likawa la mchana. Mama nilimwona akishushwa kaburini kwenye simu ya Fulgensi, picha inakatika, inarudi, inakatika. Iliporudi mara ya mwisho mlikuwa mnapanga maua. Udongo sikuutupa. Basi hija hii unayonisema imetokea hapo hapo unaponipiga.

Sasa nisikilize, maana nina hakika Xaveria hakuwaeleza sawasawa. Ni njia ya kwenda kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume, mwana wa Zebedayo, yule ambaye Herode alimwua kwa upanga. Kaburi liko Santiago de Compostela, huko Hispania ya magharibi, na Wakristo wameliendea kwa miguu zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 2024 walifika karibu watu laki 5. Wengi ni wazee wenye mvi kama mimi, na wapo wanaonizidi umri. Nitaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pirenei. Kutoka hapo ni kama kilometa 780. Anton ananibembeleza nianzie Sarria, kwa sababu ukitembea kilometa 100 za mwisho tu unapewa cheti. Nimemwambia cheti sikitafuti. Mama alipotutoa nyumbani usiku wa kuamkia Krismasi, akina Odilo wakiwa mgongoni, alitupandisha lori katikati ya njia hata siku moja? Tulitembea mpaka tuliposikia kengele za kanisa la Peramiho, ndipo tukavaa viatu.

Na baba je? Baba alitoka Songea kwa miguu mpaka Lindi kutafuta kazi ya mkonge, akiwa kijana ambaye hata ndevu hazijaota. Wewe ndiye uliyekuwa unatusimulia, ukimwiga anavyobeba mzigo begani kwenye fimbo. Ulikuwa unajivuna. Watoto wa mtaa mzima walikuja uani kukusikiliza. Kwa nini miguu ya baba iwe sifa ya ukoo na yangu iwe aibu?

Nataka ujue pia kwamba sikukurupuka. Mwakani mwezi wa nane nastaafu, baada ya miaka 27 ya kazi katika nyumba ile ya kutunzia wazee, na wakati wa kuanza safari, Mei 2027, nitakuwa na miaka 67. Daktari amenipima moyo, ameridhika. Goti la kushoto tunalitunza. Tangu Machi natembea kila Jumamosi. Hapa mjini kuna kanisa la Mtakatifu Yakobo, eneo la Anger, ambapo njia ya mahujaji wa München inaanzia. Inafuata mto Isar, inapita msituni mpaka abasia ya Schäftlarn, kama kilometa 20 hivi. Mara ya kwanza nilifika nusu nikarudi na treni. Oktoba nimeifika yote, Kaka, na begi la kilo 6 mgongoni! Mama mmoja wa Kijerumani, mdogo kwangu kwa miaka kumi, aliniomba tupumzike. Niliingia kanisani mle abasiani nikapiga magoti peke yangu, nikaimba Kingoni kwa sauti, wimbo ule wa mama wa kupuria ulezi. Hakuna aliyenizuia.

Nimeshajifunza mengi kuhusu njia yenyewe. Siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, unapanda mlima unapita mita 1,400 kabla ya kushuka Roncesvalles, kilometa 25. Mimi nitaigawa, nilale Orisson, kilometa 8 tu kutoka chini, kisha nivuke asubuhi. Baada ya Burgos kuna uwanda wa ngano siku nyingi, hakuna mti wa kukupa kivuli, na ndiyo sababu naondoka Mei. Juni katikati nataka niwe nimefika, kabla jua halijawa kali. Njia nzima ina mishale ya rangi ya njano, kwenye mawe, kwenye kuta, kwenye nguzo za umeme. Aliyeianzisha ni paroko wa kijijini, Padre Elías Valiña wa O Cebreiro, mwaka 1984. Alizunguka na kopo lake la rangi ili mtu yeyote asipotee. Alifariki 1989 na mishale bado inawaongoza watu. Ninamwombea kila jioni. Nikimfikiria namwona katekista wetu mzee akirudishia maandishi ya vibao vya njia ya msalaba kabla ya Kwaresima.

Kuhusu hela, kwa kuwa ndiyo iliyoleta maneno. Viatu vya laki tano mlivyovisikia kaninunulia Anton siku yangu ya kuzaliwa. Kitanda kwenye nyumba za mahujaji za manispaa ni euro 10 mpaka 15, unalala chumba kimoja na wengine, unafua nguo zako mwenyewe. Nimepanga euro 35 kwa siku, siku 42, jumla euro 1,470. Nimeziweka kidogo kidogo tangu 2022 na hakuna hata senti iliyotoka kwenye ada ya Fulgensi wala dawa zako za presha. Paa la mama litaezekwa upya kabla ya mimi kuondoka, hilo nimeliapa. Bati zitalipiwa dukani Songea mjini na Gaudensia atakuwepo lori likipakia. Naomba wewe usimamie fundi, maana hakuna anayejua nyumba ile kama wewe. Mbao za dari ulizipiga randa mwenyewe.

Mwaka wenyewe nimeuchagua. Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo ni tarehe 25 Julai, na ikiangukia Jumapili mwaka huo unakuwa mwaka mtakatifu huko Santiago. Wa mwisho ulikuwa 2021. Kaka, 2021 hiyo hiyo! Unaofuata ni 2027. Lango Takatifu la kanisa kuu linakaa wazi mwaka mzima, kwa hiyo hata nikifika Juni nitalipita. Nilipoisoma hesabu hiyo niliweka kitabu chini nikalia. Mwaka nilioshindwa kumsindikiza mama nitaulipa katika mwaka mtakatifu unaoufuata.

Sasa ombi langu. Kwenye njia ile, baada ya kijiji cha Foncebadón, mita 1,500 juu, kuna nguzo ndefu ya mti wa mwaloni iliyosimikwa, na kileleni msalaba mdogo wa chuma. Chini yake kuna kilima cha mawe. Kila hujaji huja na jiwe kutoka kwao analiweka hapo, pamoja na lile linalomlemea. Mimi nina mawe ya mto Isar mlangoni kwangu, lakini siwezi kumpelekea Mungu jiwe la Isar kwa ajili ya mama.

Naomba uende kaburini kwake, wewe mwenyewe, usitume mtoto. Chukua jiwe moja upande wa kichwani, dogo, lisizidi yai la kuku. Usilioshe. Udongo ukibaki juu yake ndiyo vizuri zaidi. Padre anayekuja huku Ujerumani, abasia ya St. Ottilien, kwa masomo baada ya Pasaka amekubali kulibeba, nimeshaongea naye, mpelekee tu pale Peramiho. Nikilipata nitalibeba mkononi siku ile, si kwenye begi. Na nitakapoliweka nitasema majina yetu wote, nikianza na lako kwa kuwa wewe ndiye mkubwa.

Kama bado una hasira, niandikie hasira hizo, lakini jiwe lete. Mwambie wifi vitenge vyake nimevipata, namshukuru, kile cha bluu nimekivaa kanisani Jumapili mbili mfululizo. Muulize Odilo kama ule mparachichi wa nyuma ya jiko bado unazaa. Juzi niliota naupanda.

Mdogo wako,
Kornelia