Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kwenda dirishani pa kibali

Ndugu wanachama, habari zenu na poleni na majukumu. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka kwa chama chetu cha mafundi na wachora ramani hapa Dar. Mambo ya michango na matumizi mhazini anawaletea ya kwake, mimi naomba niongelee lile tulilokubaliana mkutano uliopita, kwamba tuibane manispaa itusaidie kusukuma ujenzi wa kijani, yaani nyumba isiyokula umeme hovyo, inayovuna mvua, na isiyogeuka tanuri ikifika saa nane mchana.

Kiukweli nusu ya kwanza ya mwaka tuligonga mlango ambao sio. Tulishikilia wazo moja tu, manispaa impunguzie kodi ya majengo mtu aliyeweka sola na tenki la maji ya mvua, kama wanavofanya Pune kule India, ambako ukiweka kimoja kati ya sola, uvunaji wa mvua na mboji ya taka za nyumbani unapunguziwa asilimia 5, ukiweka zaidi ya kimoja asilimia 10. Tukaandika barua, tukazungushwa, mpaka siku moja afisa akatukalisha akatuambia jamani hiyo kodi haiko mikononi mwetu. Na ni kweli, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani mtu anaponunua umeme, na toka 2023 ni 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Pune wanaweza kusamehe kwa sababu kodi ni ya kwao. Tena hata mtu wa nyumba ya kawaida akisamehewa yote ni 18,000 kwa mwaka, na kwa hela hiyo hakuna atakayeshawishika kununua tenki.

Sasa manispaa imeshika nini? Imeshika kibali cha ujenzi. Hapo ndo tulipohamishia nguvu zetu, na naamini ndo pa kukomaa napo.

Wote mnajua mteja anavoteseka akisubiri kibali, fundi kashachukua advansi, nondo zinaota kutu, simenti inapanda bei, na wengine wanachoka wanajenga bila kibali halafu wanakuja kuwekewa alama ya X ya kubomolewa. Mji wa Chicago kule Marekani mwaka 2005 walianzisha utaratibu kwamba ramani yenye mambo ya kijani inapitishwa haraka, ndani ya siku 30 za kazi. Sisi tumeomba hivohivo: ramani ikiwa na gata, tenki, kivuli cha madirisha na sehemu ya uwanja isiyosakafiwa, iwe na foleni yake. Maombi siku hizi yanapita kwenye TAUSI, ule mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, kwa hiyo kuzitenga ramani hizo sio kazi ya kubomoa ofisi.

Na kwanini tunang'ang'ania ramani? Kwa sababu kenchi zikishapanda umechelewa. Huku kwetu jua linapiga mashariki na magharibi, nyumba ukiilaza ubavu mrefu ukatazama kaskazini na kusini unakwepa lile jua la jioni na hapohapo unapata upepo wa kaskazi na wa kusi, bure kabisa, lakini hiyo inaamuliwa siku ya kupiga kamba za msingi. Wazee wa pwani walilijua hili, kuta nene za mawe na chokaa, ua katikati, baraza yenye kivuli, na walilala vizuri bila feni. Leo tunaweka kioo kikubwa magharibi, bati bila siling ya maana, halafu mteja ananunua AC mbili na kila mwezi analalamikia umeme.

Maji pia. Mnakumbuka Oktoba 2022 mto Ruvu ulivopungua tukaingia kwenye mgao, ndoo zikawa dhahabu. Paa la mita za mraba 100 kila milimita moja ya mvua inakupa lita 100, na Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, yaani lita 100,000 zinapita juu ya kichwa chako, hata ukipoteza sehemu yake bado ni maji mengi. Sisi tunayaachia yaende kwa jirani, na kwa kuwa uwanja wote tumeupiga pevingi, yanaenda kwa kasi.

Jambo lingine tulilowaambia madiwani ni kwamba manispaa ianze na majengo yake. Mwaka 2021 nchi ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO, darasa moja milioni 20, na halmashauri ndo zilisimamia. Shule tulizotembelea sisi nyingi hazina gata, na inauma, maana watoto wanabeba madumu kutoka nyumbani wakati paa la shule lingewatosha.

Tofali za kufungamana tumezigusa kidogo tu mwaka huu. Wakala wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi, NHBRA, walizifanyia kazi muda mrefu, ni udongo na simenti kidogo, zinashindiliwa kwa mashine, hazichomwi kwa kuni. Vijana wetu waombe mkopo kwenye ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inawatengea vijana, wanunue mashine, lakini bila manispaa kuzitumia kwenye miradi yake soko litakuwa dogo, na hilo tumelisema wazi.

Majibu rasmi ya maombi yetu bado. Kamati ya manispaa imetusikiliza, imetaka mifano. Kwa hiyo naomba kila mchora ramani alete ramani moja ya nyumba ya kawaida, vyumba vitatu, kwenye kiwanja kidogo kama vya kwetu huku, yenye vitu vyote nilivotaja na gharama zake pembeni, aikabidhi kwa katibu kabla ya Desemba kuisha, maana mabaraza ya bajeti yanakaa mwanzoni mwa mwaka na tukichelewa hapo tunasubiri mwaka mzima tena.