Mkiisifu rameni, tuambieni na kilichomo sufuriani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma maoni ya wasomaji wenu waliokula kwenye duka dogo la rameni, zile tambi za Kijapani ndani ya supu, hapa Fukuoka. Mmoja kasifu tambi nyembamba, mwingine supu nyeupe kama tui zito, wa tatu kalalamika mpishi hacheki na mtu. Sawa. Lakini hakuna hata mmoja aliyetaja nguruwe.

Weupe ule ni wa mifupa ya nguruwe, iliyochemshwa saa nyingi mpaka mafuta na uboho vikashikana na maji. Ndiyo tonkotsu, fahari ya mji huu. Wenyeji hawakufichi, kwao ni jambo la kujulikana, kama sisi tujuavyo kwamba wali wa nazi una nazi. Anayeponzwa ni mgeni.

Mimi niliponzwa mwezi wangu wa kwanza Japani. Mlangoni pana mashine: unatia noti, unabonyeza picha ya bakuli, kinatoka kikaratasi cha kumpa mpishi. Nikabonyeza iliyoandikwa miso (soya iliyochachushwa), yenye vipande vya kuku juu. Nilikuwa nimekula nusu nilipomwona mpishi akiinua mwiko, na mfupa mnene umelala juu yake. Nikauliza, "Buta?" Yaani, nguruwe? Akaitikia kwa kichwa, kwa upole kabisa. Nikaweka vijiti chini, mikono ikinitetemeka.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Shoyu (mchuzi wa soya), shio (chumvi) na miso ni majina ya kile kinachoikoleza supu, si ya mifupa iliyochemshwa. Chini ya miso panaweza kuwa na kuku, samaki wakavu, nguruwe, au vyote pamoja. Hata mafuta yanayoelea juu yanaweza kuwa ya nguruwe, na kwenye kikolezo mara nyingi hutiwa mirin, mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia, ambayo ina kileo.

Sisemi watu wasile rameni. Asakusa, kule Tokyo, ipo ya halali, na supu ya kuku mtupu ikichemshwa sana huwa nyeupe na nzito vilevile.

Ninachoomba ni kwamba anayewaandikia sifa za chakula aulize kwanza. Wasomaji wenu wengi ni Waislamu, na vijana wao wanakuja huku kusoma wakiziamini sifa hizo. Swali lenyewe ni fupi, na mimi sijaona mpishi aliyekasirika kwa kuulizwa: "Buta wa haitte imasu ka?" Yaani, humu mna nguruwe?

Msomaji wenu,
Fukuoka, Japani