Sampuli zilizolala kwenye friji

Kibokoni, Mombasa
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Nairobi. Mimi sijambo, mama hajambo, na watoto hawaachi kukuulizia. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, na pale uliposema wataka kuyatupa mahesabu yako yote ya utafiti wa ini, kwa kuwa vipimo havilingani, urudi kufundisha, wallahi umenikata maini. Kwa hivyo leo habari za harusi naziweka kando. Nataka tuzungumze juu ya Christian de Duve. Wamjua, lakini darasani tulikaririshwa jina na mwaka wa tuzo, ile wiki yenyewe hatukusimuliwa.

Ilikuwa Desemba 1949, chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji. De Duve alikuwa daktari aliyetaka kujua jambo moja tu: insulini hufanyaje kazi kwenye ini. Yeye na wenzake wakisaga maini ya panya taratibu, wakiyazungusha kwenye sentrifuji, ile mashine ya kutenganisha vitu kwa kuzungusha kasi, kisha wakipima vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, tabaka kwa tabaka. Kimoja, fosfatesi ya asidi, hakikuwa hata shabaha yao. Walikipima cha kulinganishia. Kikawagomea. Kipimo kilitoka kama sehemu moja ya kumi ya walichotarajia. Mimi na wewe hapo tungeandika "imeharibika" tukaosha vichupa. Wao waliviweka kwenye friji, na baada ya siku tano wakapima tena. Nguvu yote ilikuwa imerudi.

Waikumbuka ile pilipili mbuzi nzima mama anayoitumbukiza kwenye mchuzi wa nazi? Mchuzi wanukia vizuri, hauwashi, mpaka mtu aipasue kwa kijiko. Ndivyo ilivyokuwa. Kimeng'enya kilikuwa kimefungwa ndani ya kifuko chenye utando, na kule kusaga kwa upole hakukukipasua. Siku tano za friji ndizo zilizokipasua. Namba waliyoidhania mbovu ilikuwa ikiwaonyesha sehemu ya seli ambayo bado haikuwa na jina. Mwaka 1955 wakaiita lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea vitu ndani ya seli, na mwaka huohuo Alex Novikoff, aliyetoka Marekani, akasaidia kuipiga picha kwa hadubini ya elektroni.

Peroksisomu, vifuko vingine vya seli, nazo zilitokea njia hiyohiyo miaka ya 1960: kimeng'enya kingine kilishuka pamoja na lisosomu kwenye sentrifuji lakini hakikufuata tabia zake, na hawakukilazimisha. Tuzo ya Nobel ilikuja 1974, pamoja na Albert Claude na George Palade. Hiyo waijua.

Lakini kinachonigusa mimi zaidi ni watoto wa ugonjwa wa Pompe, wale wachanga ambao misuli hulegea na moyo huvimba. Mwaka 1963 Henri-Géry Hers, wa hapohapo Leuven, alionyesha kwamba wanakosa kimeng'enya kimoja cha lisosomu, basi glikojeni, ile sukari ya akiba mwilini, inarundikana isivunjwe. Kufikia 2006 dawa ya kuwapa kimeng'enya hicho kwa njia ya mshipa ilikuwa imeidhinishwa. Nami nafikiri: lau vile vichupa vingemwagwa siku ya kwanza! Na insulini, swali lake la mwanzo, de Duve aliliacha njiani. Mimi naona huo ndio ushujaa wake mkubwa, kuliko tuzo.

Sasa turudi kwako. Umeniandikia kwamba sampuli za wiki ya pili zilisoma juu kuliko za wiki ya kwanza, na msimamizi wako akakwambia huna mikono ya maabara. Mimi sikubali. Mwaka juzi hapa kazini umeme ulikatika usiku kucha, nami nikazimwaga sampuli zote asubuhi kabla ya kuandika hata namba moja. Mpaka leo sijui zingenionyesha nini, na jambo hilo halijanitoka moyoni. Nakuomba wewe usifanye nilivyofanya.

Fungua daftari ukurasa wa wiki ya pili. Zililala siku ngapi? Kwa baridi gani? Ulizisaga kwa mashine ileile, na kwa muda uleule? Kama zimebaki, hata matone, zipime tena kesho, kisha uniandikie namba zote mbili, ya kwanza na ya sasa.

Mkate wa sinia na achari ya maembe nampa dereva wa basi Jumanne. Kampokee mapema, mkate usikauke.

Shogayo wa Kibokoni