Barua kwa Mwanangu Anayejifundisha Fizikia

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako kwamba umekwama kwenye sura ya mwendo, na kwamba umekwisha kukusanya anwani thelathini za masomo ya kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko ambayo sura hiyo inaitegemea, yanayotolewa bure mtandaoni. Nakusihi uzifute nyingi kati ya hizo. Mimi mwenyewe niliwahi kutazama video usiku baada ya usiku, nikiitikia kila hatua kama niliyeielewa, kisha nikazima kompyuta na kushindwa kukokotoa hata swali moja kwenye karatasi.

Shika kitabu kimoja. Cha kalkulasi cha OpenStax, mchapishaji wa vitabu vya kiada mtandaoni, kina juzuu 3, hupakuliwa bila malipo, na ya kwanza itakutosha kwa sasa. Ukitamani kumsikia mwalimu, chuo cha MIT cha Marekani kimeweka kozi yake ya kalkulasi, yenye namba 18.01, kwenye OpenCourseWare, tovuti yake ya masomo ya bure, pamoja na mihadhara, mitihani na majibu yake, wala hutatakiwa kujisajili. Maelezo ya Paul Dawkins wa Chuo Kikuu cha Lamar yafungue pale tu unapopotea katikati ya hesabu, kwa kuwa yeye huionyesha kazi hatua kwa hatua. Khan Academy, tovuti ya video na mazoezi, iwe ya kuzibia mapengo ya aljebra na trigonometria. Wengi wanaolalamikia kalkulasi, kwa kweli, wameangushwa na hesabu za sehemu (kama ½) na vipeo (kama t²).

Lakini kabla ya yote hayo, chukua kalamu. Jiwe lililoachiwa lianguke huwa limeshuka takriban mita 5t² baada ya sekunde t. Kati ya sekunde ya 2 na ya 2.1, kasi yake ya wastani ni mita 20.5 kwa sekunde. Ukiubana muda huo hadi 2.01, unapata 20.05. Endelea kuubana, na utaona jibu linaisogelea 20, ambayo ndiyo kasi ya jiwe katika sekunde ya 2 yenyewe. Hiyo ndiyo derivativi, yaani kasi ya mabadiliko katika nukta moja ya wakati, na umeifikia kwa kutoa na kugawanya tu.

Intigrali, yaani njia ya kujumlisha vipande vidogo vidogo vya kitu kinachobadilika, iache hadi utakapokutana na kazi ya kuvuta springi, ambako nguvu hubadilika kadiri springi inavyorefuka, kwani hapo utaihitaji kweli. Kwa leo, rudia hesabu ya jiwe kwa sekunde ya 3, kisha unitumie picha ya karatasi yako bila kufuta makosa.

Mzazi wako