Mfano wa kichwa cha treni Nyaturu uundwe Gerezani, Dar

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wa vyuo vya ufundi, na mafundi wenzangu tunaoshika lehemu kila siku. Mimi ni fundi redio hapa Kariakoo. Mdogo wangu anayeishi Uingereza aliniletea boksi la vipande vya kuunga mfano wa kichwa cha treni ya mvuke ya huko, kwa kipimo cha 1:76. Nimekimaliza, kipo juu ya kabati dukani, na wateja wanasahau redio zao wakikiona.

Ndani ya boksi lile kuna bamba jembamba la shaba ya njano, vipande vyake vimekatwa kwa asidi na kubaki vimeshikiliwa na vishikio vidogo. Vingine ni vya kumimina, vya madini meupe laini: bomba la moshi, kuba la boila, bafa za kupokea mshtuko. Unakata kishikio, unapiga tupa, unakunja penye mfereji, mfereji ukiwa ndani. Unaanza na fremu. Ikipinda kidogo tu, gurudumu moja litaning'inia, kwa hiyo mimi niliiunga juu ya kioo huku skwea iko pembeni.

Sisi wa redio tunajifunza upya hapa. Pasi ya kulehemu ya wati 25 inayotosha waya wa spika haifui dafu kwa bamba, maana shaba inalikimbiza joto. Inatakiwa yenye nguvu zaidi na ncha pana, shaba isuguliwe msasa hadi ing'ae, ipakwe dawa ya kulehemu, na ipate moto yenyewe hadi lehemu itiririke kwenye kiungo.

Ukifika kwenye yale madini meupe, pasi hiyo hiyo itayayeyusha mbele ya macho yako. Kuna lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 tu, wakati ya kawaida inaanza kwenye 183. Shida ni kwamba hiyo ya 70 haishiki shaba tupu. Basi shaba inapakwa kwanza lehemu ya kawaida, inaachwa ipoe, ndipo bomba la moshi linakaa juu yake na kuungwa kwa moto mdogo. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii hasa. Mwisho ni kuosha kwa maji ya moto, sabuni na mswaki, kwani asidi ya ile dawa, ikikutana na hewa yetu ya chumvi, inaiotesha shaba kutu ya kijani. Na kwa kuwa lehemu ya kawaida ina madini ya risasi, madirisha yawe wazi na mikono ioshwe kabla ya kula.

Mwanafunzi anayejifunza kulehemu kwa vipande vinavyotupwa jioni hapati haya yote. Ampate mwalimu wa kumpa kichwa cha treni aunge.

Ila kwa nini kiwe cha Waingereza? Kwenye makumbusho ya reli Nairobi kimesimama kichwa namba 3020, Nyaturu, kilichopewa jina la watu wa Singida. Kilijengwa Glasgow miaka ya 1950, aina iliyopewa behewa kubwa la maji nyuma yake (tenda) kwa ajili ya safari ndefu zisizo na maji za Reli ya Kati. Magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa katikati, manne nyuma. Jirani zake ni vichwa Mount Gelai na Mount Shengena, vyenye majina ya milima yetu pia. Watoto wanaopanda treni ya umeme kwenda Dodoma tangu 2024 hawajui kama vipo.

Ombi langu ni hili: chuo kimoja cha Dar kipeleke wanafunzi wachache Nairobi na futi na daftari, kwa ruhusa ya makumbusho, wakaipime Nyaturu. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1. Kwa kipimo cha 1:22.5 inakuwa milimita 44 na ushei, na reli za mfano za milimita 45 zinauzwa tayari. Kwa ukubwa huo, mafundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar wanaokunja bati za majiko na masanduku wanaweza kabisa kukata na kukunja bamba lake.

Kulehemu nitafundisha mimi, jioni baada ya kufunga duka, bila malipo. Pasi nitakuja nazo.

Mama Fundi,
Kariakoo, Dar es Salaam