Uwiano uanzie kwenye debe, si kwenye mshazari

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha Hisabati darasa la tano hadi la saba kwa miaka 31, na sasa nalima viazi mviringo huku Uyole, Mbeya. Barua hii, kuhusu namna tunavyofundisha uwiano, nimeianza mara tatu nikaichana, maana kila nikianza najikuta nawagombeza walimu walio kazini, na wa kugombezwa kwanza ni mimi.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, yuko kidato cha kwanza, alikuja kunisaidia kupiga dawa ya ukungu. Mvua zilikuwa zimeshika, na wakulima wa huku wanajua kwamba ukungu ukishaingia shambani haukupi wiki ya kujiuliza. Chupa imeandikwa mililita 50 kwa lita 20 za maji. Bomba langu ni la lita 16. Nikamwachia apime dawa, mimi nikaenda kuteka maji. Narudi namkuta keshapima mililita 46. Umezipataje? Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Bibi, bomba limepungua lita 4, kwa hiyo na dawa nimepunguza 4."

Nikageuza ndoo, nikaikalia.

Kipimo chake kilikuwa 40. Hizo 6 za ziada kwa bomba moja unaweza kusema si kitu. Siku ile tulikuwa na mabomba 10 ya kupiga. Ni mililita 60 za kumwaga bure, dawa ya kutosha bomba zima na nusu, na dawa siku hizi hainunuliwi kwa bei ya chumvi. Hapo sijagusa suala la majani kuungua, wala la mlaji wa viazi hivyo.

Usiku nikaomba daftari lake la Hisabati. Maswali 10 ya uwiano, vema 10. "Kalamu 4 zinauzwa shilingi 2,000. Kalamu 7 zitauzwa shilingi ngapi?" Kapanga namba zake vizuri, kapiga mshazari, yaani kazidisha 7 kwa 2,000 zinazotazamana kikingamo, kagawanya kwa 4, kapata 3,500, kapigia mstari kwa rula. Mtoto ni yuleyule, wiki ni ileile. Nilifunga daftari nikalirudisha mezani bila kusema neno, kwa sababu mshazari ule niliujua. Ni wa kwangu. Ama wa mwanafunzi wangu aliyekuja kuwa mwalimu wake, yote mamoja.

Nilikuwa na kiitikio darasani: "Zidisha vinavyotazamana, gawa kwa kilichobaki yatima!" Watoto walikipenda, waliimba mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Na mitihani walifaulu. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kama niliwahi kuwauliza: jibu mlilolipata mlipozidisha vinavyotazamana ni la kitu gani? Chukua swali la kalamu. Ukizidisha kalamu 7 kwa shilingi 2,000 unapata 14,000. Hizo 14,000 ni nini? Si kalamu, si shilingi, si bei ya chochote duniani. Mtoto anapita katikati ya giza akishika kamba, anatokea upande wa pili na jibu sahihi, na hajui amepita wapi. Ukimpa 500 kwanza, bei ya kalamu moja, anaweza kuishika mkononi.

Nisieleweke kwamba kijana ni mzembe. Kosa la kutoa 4 kwa sababu kumetolewa 4 nimelikuta kila mwaka niliofundisha. Kujumlisha na kutoa ndiyo hesabu ya kwanza ya mtoto, anaiamini kama anavyomwamini mama yake, na akibanwa anairudia. Nilikuwa nawapa swali la uji: unga vikombe 2 kwa maji vikombe 6, unga ukiwa vikombe 5, maji vikombe vingapi? Nusu ya darasa wanasema 9, maana unga umeongezeka 3 na maji yaongezeke 3. Jibu ni 15. Uji wa vikombe 9 huo ungeula kwa kumega, na mboga pembeni.

Kinachonishangaza ni kwamba watoto haohao, ukiwatoa nje ya geti, wanajua. Nenda barabara ya Tukuyu mahali basi linaposimama. Mtoto wa darasa la tano ana beseni la maparachichi, matatu kwa elfu moja. Abiria anatoa kichwa dirishani anataka 12, na basi limeshaanza kuondoka. Mtoto hapigi mshazari. "Elfu nne, mama!" na pesa keshaipokea. Anahesabu mafungu: matatu, sita, tisa, kumi na mawili.

Jambo hili si la kwetu tu. Mkufunzi mmoja kwenye semina alitusimulia utafiti wa mwaka 1985 wa Terezinha Carraher na wenzake, uliofanyika Recife, Brazili, kwa watoto wanaouza vitu mtaani. Watafiti walijifanya wateja. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja 35. Hakuongeza sifuri mwishoni mwa 35 kama tunavyofundisha. Alisema tatu ni 105, na tatu nyingine 210, akaendelea kupandisha hivyo hadi akafika 350. Pale kwenye biashara watoto walipata asilimia 98 ya majibu. Walipopewa hesabu zilezile zikiwa namba tupu, kwa mtindo wa shule, wakapata kama asilimia 37. Niliporudi kutoka kwenye semina ile nilikuwa na miaka mitano tu imebaki nistaafu. Ndiyo miaka mitano pekee ninayojivunia.

Kwa kifupi, nilifanya nini? Nilificha mshazari. Wiki mbili za kwanza za uwiano hakuna kuzidisha vinavyotazamana, hata aliyefundishwa na kaka yake nyumbani nilimwomba auweke mfukoni kwanza. Tulichora mistari miwili, juu kitu kimoja, chini kingine, na mtoto apande au ashuke apendavyo mradi mistari yote miwili iende pamoja: huku ukigawa kwa mbili, na kule gawa kwa mbili. Ndicho nilichofanya na mjukuu wangu kesho yake, kwa kijiti, kwenye udongo. Juu lita 20, chini 50. Akashuka mwenyewe: lita 10, 25. Lita 2, 5. Akasimama, akaangalia lile bomba, akaniambia, "Bibi, zile lita 4 nilizotoa, dawa yake ni 10, si 4." Kumbe hata kutoa kwake kulikuwa na njia. 50 toa 10 ni 40. Sikuwa nimeiona njia hiyo mimi mwenyewe, na nina cheti.

Somo lililokaa vichwani kuliko yote lilikuwa la lumbesa. Wasomaji wa Dar es Salaam pengine hawaijui adha yake, ila huku Nyanda za Juu Kusini kila nyumba inaijua. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anakuja shambani na gunia lake, viazi vinajazwa, kisha juu kinashonwa kilemba mpaka gunia linafanana na mtu aliyebeba mtoto mabegani. Nilileta darasani lumbesa moja kutoka shambani kwangu na mizani ya kuning'iniza. Tulipima debe kwa debe, wavulana wawili wakishikilia mti, na jumla ikaja kilo 140 na ushee. Nikaandika ubaoni: gunia la kilo 100 kwa shilingi 70,000, lumbesa la kilo 140 kwa shilingi 80,000. Muuzaji auze lipi? Mikono yote juu: lumbesa! 80,000 ni nyingi kuliko 70,000.

Sikuwasahihisha. Nikawaambia tu watafute kilo moja. Ikachukua muda, wengine wakagawa kinyume wakapata kilo kwa shilingi, jambo ambalo si kosa lakini halisemi kitu sokoni. Hatimaye zikatoka: 700 kwa kilo huku, 571 kwa kilo kule. Darasa likanyamaza. Kisha mmoja akazidisha 140 kwa 700 akapata 98,000, na akaanza kupiga kelele kuhusu zile 18,000 zimeenda wapi.

Binti mmoja wa nyuma, mpole, hakuwa akisema sana, akanyoosha mkono. "Mwalimu, baba anajua. Lakini asiyefunga lumbesa gari halisimami kwake." Hakukuwa na jibu kwenye kitabu changu cha kiongozi. Nilimwambia aandike sentensi hiyo chini ya hesabu yake, nikampa vema.

Lipo na upande wa pili, nao nilichelewa kuujua. Mtoto akishaonja uwiano anauona kila mahali. Viazi 5 vinaiva kwa dakika 25, viazi 10 katika sufuria moja vitaiva kwa dakika ngapi? Darasa zima: 50! Wamama wote wa baadaye! Watu 4 wanalima shamba siku 6, watu 8 je? Siku 12, wanasema, kana kwamba wanne walioongezeka wamekuja kupiga soga. Maswali haya yachanganywe na mengine kuanzia siku ya kwanza, yasiwekwe mwisho wa sura, la sivyo mtoto anajifunza kwamba kila penye namba tatu pana mshazari.

Halafu lugha. Kiswahili kimetupa neno dogo lenye kazi kubwa: "kwa". Uwiano wa 2 kwa 3. Shilingi 700 kwa kilo. Kilometa 80 kwa saa. Fundi anakwambia zege moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga, kokoto. Ni "kwa" moja, na mtoto anayo kabla hajaanza shule. Akiingia kidato cha kwanza somo linahamia Kiingereza, na mjukuu wangu aliniuliza maana ya kile kineno chao cha "kwa kila" kana kwamba ni mada mpya kabisa. Tena kwenye muhtasari uliotumika miaka mingi, uwiano ulikaa kidato cha kwanza pamoja na faida na hasara, viwango vikasubiri hadi kidato cha tatu. Ndugu wawili wa tumbo moja wakalelewa nyumba mbili. Mwalimu wa sekondari hatakosea akisema sentensi moja tu ya Kiswahili hapo, "hii ndiyo ile kwa kila ya sokoni", kisha aendelee na Kiingereza chake.

Najua nitakachojibiwa: Mama, nina watoto 90 darasani na mtihani ni Septemba. Nilikuwa nao 104 mwaka mmoja, wanne wanakaa dirishani. Zile wiki mbili za kuficha mshazari zilirudi zenyewe, kwa sababu asilimia na faida na hasara sikuhitaji kuzifundisha upya kama zamani, ilikuwa "tafuta kwa moja" tu, au "tafuta kwa mia".

Mizani ile bado ninayo, inapima hadi kilo 50, na debe ninalo. Mwalimu yeyote wa shule za huku Uyole na Igawilo akitaka kuazima kwa somo la uwiano, aulize kwa bibi wa viazi karibu na njia ya Tukuyu, nitampa na viazi vya kupimia. Ninachoomba virudi kabla ya Jumamosi, kwani Jumamosi nauza.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya