Na sisi tuliambiwa tumeuharibu mji

Mhariri,

Barua za wasomaji wako kuhusu spika za harusini na disko matanga, yaani disko za usiku za matangani, hapa kaunti ya Kilifi nimezisoma zote. Kwa disko matanga sina ubishi. Msichana wa shule hana kazi matangani saa nane za usiku, na waliopiga marufuku walikuwa na sababu. Kinachonikera ni ile kauli ya wazee wenzangu kwamba sisi tulikuwa vijana wa adabu, muziki wetu ulikuwa safi, na uharibifu wote umeletwa na simu na Bongo Flava. Mwishoni mwa miaka ya sitini mimi nilikuwa msichana hapa hapa Malindi, mtaa wa Shela. Wengi wa hao wanaoandika nawajua.

Nyumbani kwetu redio ilikuwa moja, ya transista, mali ya kaka yangu. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya ukuta wa uani, zikapata nguvu ya kipindi kimoja zaidi. Kipindi chenyewe kilikuwa cha salamu, Sauti ya Kenya: majina ya jamaa na marafiki yatasomwa weee, mpaka umesahau wimbo ulioombwa ni upi, ndipo santuri ipigwe. Mimi na binti ami yangu tulikaa chini na daftari. Yeye akidaka mstari wa kwanza, mimi nadaka wa pili, yeye wa tatu, maana redio hairudii. Neno likitupita tulisubiri wimbo upigwe tena siku nyingine, na usipopigwa tulijaza la kwetu. Hadi leo kuna beti za mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo ninazoziimba kwa maneno yasiyokuwamo, na mengine, Mungu anisamehe, nayaona yamekaa vizuri kuliko ya mwenyewe.

Bhalo ni mtoto wa Malindi, mzaliwa wa 1942, kabla Mombasa haijamchukua ikamfanya wake. Alipofariki mwaka 2014 kila mzee alimlilia kama nguzo ya utamaduni wa Mswahili. Ujanani mwetu sikuyasikia hayo. Nilichosikia ni kwamba anachukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyatilia mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, na kwamba sisi tunaompenda tutaishia kuwa Wahindi. Mwalimu wetu wa chuoni alitutisha kwa adhabu za kaburi kwa sababu tulikuwa tukivumisha nyimbo za Lata Mangeshkar, mwimbaji wa filamu hizo, huku tumeshika misahafu. Barazani nako wapenzi wa udi, ile ala ya nyuzi, waliokuwa na Zein l'Abdin wao wa Lamu, hawakutaka kusikia habari za tabla za sinema. Halafu Matano Juma akaja na kinanda cha umeme, ugomvi ukaanza upya. Leo wote watatu wanaitwa taarabu asilia.

Na huo usafi? Mashairi yetu yalijaa mafumbo, na fumbo hufumbwa kwa sababu kuna jambo lisilosemeka mbele za watu. Mtu akienda kumtuza mwimbaji alijua anamrushia nani, na aliyerushiwa alijua pia, ndiyo maana harusi nyingine ziliisha kwa majirani kununiana mwezi mzima. Ngoma ya chakacha sina haja ya kuieleza. Wanawake leso viunoni, mlango umefungwa, na nje wanaume wamegandamiza nyuso kwenye mianya ya makuti. Mmoja wao naona siku hizi anakuandikia kuhusu heshima.

Mavazi nayo yalikuwa na vita vyake. Januari 1969 Tanzania, kupitia Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha huko wakati ule, ilianza kuwaandama waliovaa sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Hapa kwetu buibui lilifunika mengi, lakini habari hizo zilifika na wazee walizishangilia, wakatamani Kenya nayo iige.

Sikatai kwamba mji ulibadilika miaka ile. Ulibadilika sana, ila si kwa santuri. Vita vya shifta, wale waasi waliotaka kaskazini-mashariki ijitenge na kujiunga na Somalia, hadi 1967, viliwakimbiza Wabajuni kutoka pwani ya kaskazini ya Lamu. Watu walioacha mashamba na madau yao walikuja hapa kuanza upya, na watoto wao tukasoma nao. Hoteli za ufuoni zikaanza kuajiri. Kaka yangu, niliyemtaja, alivaa kanzu nyeupe ya kazi na kuwapelekea wageni vinywaji, na mwisho wa mwezi alishika pesa ambazo baba, kwa uvuvi wake, hakuwahi kuzishika kwa mkupuo. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kijana mwenye mshahara wake hangoji baba auze samaki ndipo aoe, wala haulizi ruhusa ya kununua redio. Baba alipofoka, "Zima huo upuuzi!", sauti yake haikuwa na nguvu kama zamani, na hakuna mwimbaji aliyemnyang'anya.

Lakini kulaumu wimbo ni rahisi, kwa kuwa unasikika. Aprili 1967 Waitaliano waliporusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, kule baharini Ngomeni, mzee mmoja mtaani kwetu alishikilia kwamba wameitoboa mbingu. Kila mvua ilipochelewa baada ya hapo, alikuwa na wa kumlaumu.

Wajukuu wangu nawakemea kuhusu kelele, na nitaendelea, kwa sababu spika zao zinatikisa vyombo kabatini na sisi wa presha hatulali. Hilo ni suala la saa na la sauti, chifu anaweza kulimaliza kwa siku moja. Wasilifanye kuwa suala la kizazi kizima. Vijana wa leo hawana hata ile hoteli ya kuwaajiri kama ilivyomwajiri kaka yangu, na hilo sijaona mzee akiliandikia barua.

Basi, Mhariri, ikikufikia nyingine ya mzee anayesifu adabu za wakati wetu, kabla hujaichapa muulize suruali yake ya bugalu ilikuwa na upana gani chini. Akikwambia hakuwahi kuvaa, nitumie jina lake. Picha ninazo.

Bibi wa Shela,
Malindi